“Imezeeka tu”: uchunguzi wa kompyuta mpakato ya mwaka 2009

Mwenye mashine ni mwalimu mstaafu, nami namwita Mwalimu kama wanavyomwita wote waliopita darasani kwake. Alipoileta kompyuta mpakato yake alikuwa ameshaihukumu. “Imezeeka tu, mwanangu. Nitolee picha zangu, basi.” Nilipomuuliza kama anataka nyingine, akasita. Kibodi ya ile anaijua kwa vidole. Vitufe vya siku hizi, anasema, havina kina. Anaitumia kuandika, kusoma barua pepe, kuchapa karatasi moja mbili na kutazama video za bustani. Hana haja nyingine.

Neno “imezeeka” ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, kwa sababu si jina la hitilafu. Prosesa haipungui kasi kwa kuongezeka umri: hesabu iliyoifanya kwa sekunde moja mwaka 2009 itaifanya kwa sekunde moja leo, mradi haijapata joto la kupindukia. Kama mashine imekuwa nzito, kuna kitu kinachoilemea, na kitu hicho hutafutwa.

Ilikuwa na prosesa ya Core 2 Duo ya gigahezi 2.2, kumbukumbu ya gigabaiti 2 aina ya DDR2, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 250, na Windows 7. Mfumo endeshi huo uliacha kupokea marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ikaacha kuuhudumia mwanzoni mwa 2023. Windows 10 nayo imefika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka mingi baada ya hii. Kwa hiyo ilikuwa ama Linux, mfumo endeshi huria, ama kabatini. Hilo halikuhitaji mjadala. Mjadala ulikuwa ni nini kingine kimeharibika.

Kabla ya kusakinisha chochote

Nilianza na saa mkononi. Kutoka kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi menyu kuitika zilipita dakika 6 na sekunde 40. Kivinjari kilichukua zaidi ya dakika moja kufunguka, na kilipofunguka, karibu kila tovuti iligoma kwa ukurasa wa onyo. Muda wote huo taa ya diski haikuzimika. Taa hiyo ni shahidi mzuri: ikiwaka mfululizo huku prosesa haina kazi, ujue wote wanaisubiri diski.

Onyo la kivinjari Mwalimu alikuwa akilifunga bila kulisoma, na mimi nusura nifanye vivyo hivyo. Lilikuwa likisema saa ya kompyuta iko nyuma. Nikaingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi, nikakuta tarehe 1 Januari 2009. Betri ndogo ya duara, CR2032, inayoitunza saa wakati mashine haina umeme, ilikuwa imekufa. Kipimo kilisoma volti 1.9 mahali pa 3. Sasa, kila tovuti ya HTTPS, yaani yenye mawasiliano yaliyolindwa, hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa mashine inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009, vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika, hivyo inavikataa, na kwa mujibu wa saa yake haijakosea. Sehemu kubwa ya malalamiko ya “intaneti haifunguki” ilikuwa ndani ya kidude chenye ukubwa wa sarafu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana Linux ingenifichia jambo hili. Kwenye Debian, toleo la Linux nililokusudia, programu inayoanzisha huduma nyingine zote huitwa systemd, nayo haikubali tarehe iliyo nyuma ya siku ilipotengenezwa yenyewe. Ikikuta saa inasema 2009, inaisogeza mbele. Mtandao ukipatikana, saa inasahihishwa kutoka seva za muda ndani ya sekunde chache. Yaani ningeweza kusakinisha mfumo mpya juu ya betri iliyokufa, tovuti zikafunguka, nikajipongeza kwamba Linux imemaliza tatizo, na kasoro ikabaki palepale ikingoja siku ambayo Mwalimu ataandika barua bila mtandao. Basi nilibadilisha betri kwanza. Tovuti nyingi zikafunguka kwenye Windows 7 ileile, kwa uvivu uleule.

Kisha nikaiwasha mashine kwa flashi yenye Debian 13, toleo linalokuwezesha kuutumia mfumo bila kuusakinisha. Kabla ya kuiandika flashi nililinganisha alama ya SHA256 (namba inayobadilika faili ikiharibika hata kidogo) ya faili niliyopakua na ile iliyotangazwa na Debian. Watu wengi huiruka hatua hii. Niliwahi kuiruka mimi mwenyewe, na nikapoteza jioni nzima nikiilaumu flashi isiyo na kosa.

Diski zina tabia ya kujiandikia kumbukumbu za afya zao, na programu ya smartctl huzisoma. Mistari miwili ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Sifa namba 5, idadi ya sekta ambazo diski imeshazitelekeza na kuzihamishia pengine, ilikuwa 112. Sifa namba 197, sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia, ilikuwa 38. Mtu anaweza kuishi na namba ya kwanza ikiwa haipandi. Ya pili ni kengele. Diski za namna hii zikikutana na sekta mbovu hurudia kuisoma tena na tena, pengine kwa sekunde nyingi, kabla ya kukiri kwamba zimeshindwa. Na mfumo endeshi mzima unakaa ukizingoja. Hapo dakika 6 na sekunde 40 zikaanza kueleweka.

Nikaacha kila kitu kingine. Diski yenye sekta zinazosubiri hupewa kazi moja tu iliyobaki, nayo ni kunakiliwa.

Sikuburuta mafolda kwa kipanya. Njia hiyo husimama kwenye faili ya kwanza mbovu, na kadiri unavyorudia ndivyo unavyoichosha diski. Nilitumia ddrescue, ambayo hupita kwanza ikichukua yote yanayosomeka kwa urahisi, inaruka penye shida, inaandika ramani ya ilikoruka, halafu ndiyo inarudi kwenye mabaya. Mzunguko wa kwanza ulichukua saa 2 na dakika 20, kwa sababu diski ya nje ilichomekwa kwenye USB 2.0, isiyopitisha zaidi ya megabaiti 30 na kitu kwa sekunde. Mzunguko wa kurudia niliuacha ukiendelea usiku. Asubuhi zilikuwa zimebaki sekta 22 zisizosomeka. Kila sekta ni baiti 512, hivyo katika gigabaiti 250 tulikuwa tumepoteza kilobaiti 11. Nilizifuatilia kwa ntfscluster nijue zilikuwa mali ya faili gani: moja ya Windows yenyewe, ambayo haikuwa na umuhimu tena, na picha 2 za Mwalimu.

Nilimpigia simu nikamwambia kuhusu zile picha kabla ya kumweleza jambo jingine lolote.

Joto nalo lilikuwepo, lakini halina hadithi ndefu. Prosesa ilifika nyuzi 94 ikipewa kazi. Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi na gundi ya kupitisha joto imekauka ikawa unga. Baada ya usafi na gundi mpya, kazi ileile iliifikisha nyuzi 71.

Kuchagua distro

Kuna ushindani usiokwisha kuhusu distro ipi, yaani toleo lipi la Linux, ni nyepesi kuliko zote, na wapenzi wa mashine kuukuu hupenda kuonyeshana namba za megabaiti kama wavuvi wanaolinganisha samaki. Nilipima mazingira mawili ya eneokazi, yaani menyu na madirisha anayoyaona mtumiaji, kwenye mashine hii bila kufungua programu yoyote. Xfce ilitumia megabaiti 640, LXQt 520. Tofauti ni 120. Halafu nikafungua ukurasa mmoja wa gazeti kwenye Firefox, ukala zaidi ya 300 peke yake. Kumbukumbu ya kompyuta ya leo inaliwa na kivinjari. Kubana mazingira ya eneokazi mpaka mtumiaji asijue pa kubonyeza ni kuokoa shilingi mlangoni huku mfuko umetoboka. Nikachagua Xfce, kwa kuwa ina menyu chini kushoto na dirisha lenye alama ya kufunga pale Mwalimu anapoitarajia.

Kilichostahili fikra zaidi ni prosesa. Core 2 Duo ni ya biti 64, jambo ambalo ni bahati, maana Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Ila Core 2 Duo ya namna hii haina baadhi ya maagizo yaliyokuja baadaye, kama SSE4.2 na POPCNT. Distro zinazotengenezwa kwa kiwango kiitwacho x86-64-v2, Red Hat Enterprise Linux 9 ikiwamo, zinadai maagizo hayo na haziwezi kutumika humu, hata ungeongeza kumbukumbu namna gani. Debian bado hutengenezwa kwa kiwango cha msingi cha x86-64. Ikichanganywa na desturi yake ya kuhudumia toleo kwa miaka 3, kisha mingine 2 chini ya mpango wa huduma ya muda mrefu, LTS, mashine hii inapata marekebisho ya usalama hadi 2030 bila kubadilishiwa mfumo. Linux Mint niliifikiria pia. Ni nzuri, na kwa mgeni ni karimu zaidi. Nilibaki na Debian kwa sababu ninaijua vizuri na simu za usiku zingekuja kwangu.

Nilipima kila hatua peke yake

Kwa kawaida mtu huweka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), kumbukumbu na Linux kwa siku moja, anawasha, anaona maajabu, anaandika “Linux imefufua kompyuta yangu.” Inawezekana. Lakini hajui ni kipi kati ya vitatu kilichofanya kazi. Kwa kuwa data zilikuwa zimeshaokolewa, niliamua kufanya jambo ambalo nisingemshauri mtu kulifanya na diski mbovu: niliisakinisha Debian kwenye diski ileile ya zamani, kwa ajili ya kupima tu.

Kuwaka kukashuka kutoka dakika 6 na sekunde 40 hadi dakika 1 na sekunde 48. Nafuu kubwa, na sehemu yake ni kwamba kisakinishi kiliandika upya maeneo ambayo diski ilikuwa ikihangaika kuyasoma. Hata hivyo Firefox ilichukua sekunde 27 kufunguka, na taa ilikuwa bado inawaka mfululizo.

Nikatoa diski, nikaweka SSD. Sekunde 33 kuwaka, sekunde 6 kufungua Firefox. Sababu haina siri. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kuzunguka mara moja, kwa hiyo kwa wastani husubiri 5.5 ili data ipite chini ya kichwa, na juu ya hapo kuna muda wa kichwa kusogea. Hata ikiwa nzima kabisa, husoma makumi kadhaa tu ya vipande vya hapa na pale kwa sekunde. Kuwasha mfumo ni maelfu ya vipande vya hapa na pale. SSD haina cha kuzungusha wala cha kusogeza. Wapo wanaosema SATA, njia inayounganisha diski na bodi, ya mashine za miaka ile, gigabiti 3 kwa sekunde, inaibana SSD ya kisasa. Kweli, faili moja kubwa haitanakiliwa kwa kasi yote iliyoandikwa kwenye boksi. Mwalimu hanakili faili kubwa.

Mwisho nikapandisha kumbukumbu hadi gigabaiti 4, kikomo cha bodi hii. Kuwaka: sekunde 32. Yaani hakuna kilichobadilika. Tofauti ilionekana nilipofungua vichupo 8 pamoja na waraka wa LibreOffice, programu huria za ofisi: kwa gigabaiti 2, kuhama kutoka kimoja hadi kingine kulikuwa na kigugumizi cha sekunde 10 au zaidi, kwa 4, hakuna.

Hivyo kasi ililetwa zaidi na diski, na uwezo wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja ukaletwa na kumbukumbu. Sikuipima Windows 7 juu ya SSD, na siwezi kushangaa ikiwa nayo ingewaka upesi. Linux ilileta kile ambacho hakuna kipande cha chuma kingeleta: kivinjari cha mwaka huu na marekebisho ya usalama yanayoingia yenyewe. Wanaoiuza Linux kwa jina la kasi peke yake wanaiuza kwa hoja iliyo dhaifu wakati iliyo imara wanayo mkononi.

Wi-Fi, na yai na kuku

Nilipomaliza kusakinisha, Wi-Fi haikuwepo. Si kwamba ilikuwa dhaifu; kwenye orodha ya mitandao hapakuwa na kitu. Amri ya lspci ikaonyesha kadi ya familia ambayo dreva yake (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) kwenye Linux huitwa b43. Dreva yenyewe imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kinachokosekana ni faimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu kila inapowashwa. Tangu Debian 12, kisakinishi rasmi hubeba faimwea nyingi zisizo huria, uamuzi uliopitishwa kwa kura mwaka 2022, lakini ya b43 haimo kwa sababu leseni yake hairuhusu kuisambaza. Debian inachoweza kukupa ni kifurushi kinachokwenda kuitafuta kwenye intaneti na kuichomoa ndani ya dreva ya zamani. Unahitaji intaneti ili upate intaneti.

Nilitoka kwenye duara hilo kwa simu na waya. Simu ikiunganishwa kwa USB na kuruhusiwa kushiriki intaneti, Linux huiona kama kadi ya mtandao wa waya, bila kuomba dreva yoyote. Nikaruhusu sehemu ya contrib kwenye orodha ya hazina za programu, nikasakinisha firmware-b43-installer, nikazima na kuwasha. Mitandao ikajaa kwenye orodha. Ilichukua dakika 10, lakini ni dakika 10 ambazo mtu asiyejua neno b43 angezigeuza kuwa siku mbili, kisha akasema Linux haifai. Anayetaka kujua mapema aiendeshe mashine kwa flashi kwanza: kadi isiyoonekana huko haitaonekana baada ya kusakinisha.

Marekebisho ya mwisho

Debian 13 huiweka folda ya /tmp ndani ya kumbukumbu, ikiruhusiwa kufikia hadi nusu yake. Kwenye mashine ya gigabaiti 16 hutajua. Kwenye ya 4, faili kubwa ya muda inaweza kukunyang'anya nafasi wakati ambapo kivinjari kinaihitaji. Nikairudisha kwenye SSD kwa amri moja, systemctl mask tmp.mount. Nikawasha zram, inayobana data zilizokaa kimya ndani ya kumbukumbu yenyewe badala ya kuzipeleka diski. Kwenye Firefox nikaweka uBlock Origin, kiongezi kinachozuia matangazo, na hilo lilipunguza uzito wa kurasa kuliko marekebisho yote ya mfumo niliyoyafanya.

Video zilikuwa na mgogoro wao. YouTube hupenda kutuma picha kwa mtindo wa VP9 au AV1, na chipu ya michoro ya 2009 haina mtambo wa kuzifungua, hivyo mzigo wote unaangukia prosesa na feni inapiga kelele. Kiongezi kinachoilazimisha kutuma H.264, mtindo wa zamani zaidi, kilitosha; kwa ubora wa 480p video za bustani zinakwenda bila kukwama. Kwa 1080p hazijawahi kwenda, na sikumwahidi.

Nyaraka zake za zamani zilifunguka kwenye LibreOffice zikiwa zimevurugika kidogo, mistari ikisukumana hadi ukurasa wa pili. Kosa halikuwa la LibreOffice. Zilikuwa zimeandikwa kwa fonti za Calibri na Cambria, ambazo hazimo kwenye Debian. Carlito na Caladea ni fonti huria zilizochongwa kwa vipimo vilevile vya upana. Nilipozisakinisha, kila mstari ulirudi mahali pake. Huyu ni mtu aliyetunga mitihani kwa miaka mingi. Swali likikatika katikati ya ukurasa haoni fonti, anaona uzembe.

Nilimkabidhi mashine nikakaa naye saa moja. Aliuliza Word iko wapi, nikamwonyesha Writer ya LibreOffice, akaandika mistari mitatu, akauliza jinsi ya kuchapa, akachapa. Sikumfundisha terminali, dirisha la kuandikia amri. Jambo lililomsumbua ni la ajabu: menyu ilifunguka kabla hajamaliza kujiandaa kungoja, akadhani amebonyeza mara mbili.

Betri kuu sikuigusa. Imebaki na asilimia 18 ya uwezo iliotoka nao kiwandani, dakika 25 hivi mbali na chaja, naye hukaa mezani karibu na soketi.

Ya zile picha 2, moja alikuwa na nakala yake ya karatasi. Tuliipitisha kwenye skana kwa programu iitwayo Simple Scan, iliyoitambua skana yake bila kuuliza chochote. Nyingine haina nakala: nusu ya juu kuna watu waliosimama wakicheka, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Nilimuuliza kama niifute. Akasema niiache hivyohivyo.